Kumchora aliye mbali si uchuro

Mabibo hosteli, Jumapili, saa nne usiku

Najua nimepotea, mnisamehe. Mitihani ilinikaba, na boom nalo lilikuja likapita kama daladala iliyojaa. Leo lakini siandiki habari za boom wala foleni ya kafteria. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi, na nisipolitoa sitalala.

Alhamisi jioni dada mmoja wa chumba cha pili alikuja kuazima pasi. Nikampa. Akakaa kitandani kwangu na pasi mapajani, haondoki. Kumbe kaka yake ni askari wa JWTZ, na wiki hiyo alikuwa ameondoka kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati kwenye ulinzi wa amani. Akaniuliza, "Hivi nyie mama yenu alipokuwa kule mlikuwa mnafanyaje?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Tulikuwa tunachora."

Akacheka. Halafu akasema maneno niliyoyasikia nyumbani kwetu mpaka nikayakariri: "We! Nikianza kumchora kaka, mama atasema namchuria."

Basi leo natoa msimamo wangu, anayetaka kunipinga anipinge. Naona kwamba kumchora, kumsukia, kumwimbia au kumshonea mtu aliye mbali kwenye hatari si uchuro. Naona pia kwamba familia nyingi za askari tunajinyima dawa ambayo bibi zetu walikuwa nayo, halafu tunaita hali hiyo ushujaa.

Kwa msiojua, mama yangu ni askari. Mwaka 2024 alikuwa Lebanoni na polisi wa jeshi wa Tanzania walio chini ya UNIFIL, yaani kile kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichowekwa kusini mwa Lebanoni tangu mwaka 1978. Makao makuu yake yalikuwa Naqoura, mji mdogo wa pwani ya Mediterania, karibu kabisa na mpaka wa Israeli. Mama alikuwa huko. Sisi tulikuwa Gongo la Mboto: baba, ambaye ni fundi wa mafriji, mimi niliyekuwa nakuja nyumbani kila Jumamosi, na mdogo wangu wa mwisho aliyekuwa darasa la pili.

Watu wamezoea baba ndiye anayeondoka. Mama akiondoka majirani wanakuja na maswali ya ajabu. "Sasa baba yenu anapika?" Anapika, ndiyo. Ugali ulikuwa na madonge lakini ulilika. Wengine walituambia, "Umoja wa Mataifa huo, hela nzuri, mna bahati." Sikatai, hela ilisaidia, ada yangu moja ilitoka humo. Ila hakuna aliyeniuliza usiku nalalaje.

Nalalaje? Nalala na simu mkononi. Enzi za bibi mtu alisubiri barua au redio. Sisi tunasubiri tiki mbili. Nikituma "shikamoo mama" saa mbili usiku, tiki moja, naanza kutunga. Labda mtandao. Labda yuko lindo. Labda... Na hiyo "labda" ya tatu ndiyo inayokula usingizi. Saa zao zilikuwa sawa na zetu mpaka mwishoni mwa Oktoba, halafu wao wakarudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Nilikuwa najua kitu hicho kuliko nilivyojua ratiba ya vipindi vyangu. Nasoma takwimu, nikawa nahesabu dakika kati ya ujumbe na jibu. Kichaa kabisa.

Kuchora kulianza kwa bahati. Jumamosi moja mdogo wangu alikuwa na kazi ya shule ya kuchora vazi. Akachagua khanga kwa sababu ya khanga ya mama iliyobaki mlangoni, hatukuwa tumeitoa. Mnajua khanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote, mji pale katikati, na jina, yale maneno yenyewe. Dogo akaniuliza, "Jina tuandike nini?" Nikamwambia aandike anachotaka mama asome. Akaandika: SUFURIA LAKO HALIJAGUSWA. Uongo mtupu, tulikuwa tumeliunguza wiki hiyo hiyo. Tulicheka mpaka baba akatoka uani kuuliza kuna nini.

Tangu siku hiyo tukaweka utaratibu: kila mwezi khanga moja kwenye nusu karatasi ya manila, rangi za maji za dukani, pindo langu, mji wa dogo, jina tunabishana. Mwezi uliofuata jina lilikuwa BABA KAPIKA, TUMEKULA, TUMEPONA. Mimi si mchoraji. Mistari yangu inapinda utafikiri imekunywa. Lakini niligundua kitu: kwa yale masaa mawili ya kupaka rangi sikuwa naangalia simu. Vidole vilikuwa na rangi, ningeishikaje? Na mawazo yangu yalikuwa kwa mama muda wote, ila kwa utulivu. Nilikuwa namfikiria yeye, mtu mzima, anavyofunga khanga, anavyogombana na wauza nyanya. Nikiwa na simu nilikuwa naifikiria ile "labda" ya tatu tu.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza. Kusubiri ni kazi, tena kazi nzito, ila haina pa kushika. Sanaa inaipa mikono kitu cha kushika. Wala huhitaji kipaji wala vifaa vya gharama. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia vipande vya mbao laini za dari na rangi ya kung'aa ya kawaida, ile ya kupakia vitu. Hakusubiri turubai la Ulaya. Sisi na manila yetu tulikuwa matajiri.

Sasa tuje kwenye uchuro.

Shangazi, dada yake baba, alikuja Oktoba. Akakuta khanga zetu ukutani, na pembeni mchoro mpya wa dogo: mama amevaa kofia ya bluu, amesimama mbele ya bahari. Shangazi akausimamia kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Ondoeni hii. Picha ya ukutani ya mtu asiyekuwepo ni ya marehemu. Msimchurie mwenzenu."

Nilikasirika, ila nataka nimtendee haki shangazi, maana hofu yake haikutoka hewani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania pale Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, ilishambuliwa, na askari wetu si chini ya 14 wakauawa. Mama wakati huo alikuwa nyumbani, lakini mtaa wetu una nyumba nyingi za askari. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni ukimya. Wanawake walikuwa wanapishana kisimani bila salamu ndefu, kila mmoja anaogopa kuwa yeye ndiye atakayeambiwa au atakayeambia. Mtu aliyepita kwenye wiki kama ile akiona picha ukutani, anaona picha ya msibani. Namwelewa.

Na Oktoba ile yenyewe ilikuwa mbaya. Tarehe 10 Oktoba 2024 UNIFIL ilitangaza kwamba kifaru cha Israeli kimepiga mnara wa lindo pale pale makao makuu Naqoura, na walinda amani wawili wamejeruhiwa. Habari ilinikuta kwenye daladala, simu ya jirani yangu, sauti juu. Nilishuka kituo ambacho si changu. Kwa saa tatu na dakika ishirini hatukujua hao wawili ni wa nchi gani. Baadaye tukasikia ni Waindonesia. Nikafurahi, halafu nikaona aibu kwa kufurahi, kwa sababu kuna binti kule Indonesia aliyekuwa anahesabu dakika kama mimi.

Jumamosi ile tulichora khanga ya Oktoba. Dogo alikataa kuchora mji, akapaka katikati yote nyeusi. Sikumzuia. Kwenye jina akaandika mwenyewe, bila kunibishia: RUDI HATA BILA ZAWADI.

Shangazi akasema, "Mnaona? Mnaita balaa."

Sasa nimjibu, kwa heshima zote. Balaa lilikuwepo kabla ya penseli. Mnara ulipigwa asubuhi, karatasi ilipakwa Jumamosi. Mtoto wa darasa la pili aliyepaka karatasi nyeusi alikuwa nalo lile giza siku zote, alikuwa analala nalo, na tangu mama aondoke alikuwa amerudia kukojoa kitandani, jambo ambalo sote tulilinyamazia. Tofauti ni kwamba Jumamosi ile tuliliona. Kukataza mchoro ni kumwambia mtoto kaa na giza lako peke yako, usitusumbue.

Aliyemaliza ubishi ule hakuwa mimi. Alikuwa bibi, kwa simu kutoka Rufiji. Shangazi alimpigia mama yake kushtaki. Bibi akauliza, "Kwani mimi wakati wa Kagera nilikuwa nafanya nini?"

Hadithi hiyo shangazi mwenyewe alikuwa ameisahau. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, babu alikwenda vitani. Bibi alikuwa na mimba, na hakuna simu, kuna redio ya jirani tu. Akachukua ukindu, akaupika rangi, akaanza kusuka ukili. Kwa wasiojua: mkeka hausukwi mzima kama kitambaa, unasuka kwanza ukili, utepe mrefu, kisha unaushona upande kwa upande mpaka mkeka utimie upana. Kwa kawaida ukili ukitosha unaacha, unashona. Bibi hakuacha. Aliendelea kuusuka ule ule bila kuukata, anauviringisha, na bunda lake likawa kubwa kama gurudumu la baiskeli. Majirani wakamwambia anachuria, eti anamsukia mume mkeka wa kuzikia. Yeye akawaambia, "Mkeka wa kuzikia unasukwa haraka. Mimi sina haraka." Kampala ilianguka Aprili 1979. Babu alirudi baadaye, amekonda, mzima. Ndipo bibi akaukata ukili na kushona. Ulitoka mkeka wa watu wanne. Upo mpaka leo, umechakaa kingo, na shangazi amelala juu yake utoto wake wote.

Siwaambii kwamba ukili ndio ulimrudisha babu. Wapo wanawake waliosuka vilevile na waume hawakurudi. Ninachosema ni kwamba bibi alijua jinsi ya kusubiri, na ujuzi huo ulikuwa mikononi. Siku hizi tunasikia kwamba sanaa ni tiba, tunadhani ni jambo la wazungu na vyumba vyenye viti laini. Jamani! Mwanamke anayechagua khanga kwa maneno yake ili aseme asichoweza kutamka, huyo amekuwa akijitibu miaka yote. Sisi ndio tumeacha tukabaki na simu.

Kuna pingamizi la pili, na hili nalikubali nusu. Baba alisema, "Mambo ya jeshi ni siri." Ni kweli. Usichore lango la kambi, usichore ramani aliyokuonyesha, usiandike anaondoka lini anarudi lini, usipige picha mchoro ukaurusha mitandaoni ili upate likes. Kuna watu hawapaswi kuyajua hayo. Michoro yetu yote ilikaa ndani, na leo ninaandika wakati mama amekwisharudi, tena naandika yale tu ambayo magazeti yalishaandika. Lakini nusu nyingine siikubali. Siri ya jeshi ni mahali na mipango. Hofu ya mtoto si siri ya jeshi. Tumechanganya vitu viwili, na kwa kisingizio cha cha kwanza tunaficha cha pili. "Mtoto wa askari halii." Nani alisema? Analia sana, analilia chooni.

Pingamizi la tatu nimejipa mwenyewe, na ndilo linaloniuma. Sanaa inaweza kuwa pango la kujificha. Mimi nilijificha. Nilikuwa nakuja Jumamosi nachora pindo zangu nzuri nzuri, naondoka Jumapili, najiona dada wa maana. Sikuona kwamba baba haingii tena chumbani kwao. Alikuwa analala kwenye kochi, viatu mguuni, simu kifuani. Aliyeona ni dogo. Novemba alichora familia: mimi na begi, yeye na mpira, mama kwa mbali kwenye bahari, na baba amelala kochini na macho yamefunguliwa, makubwa kama visahani. Baba akauchukua ule mchoro akauliza, "Mbona sijafumba macho?" Dogo akamjibu, "Si hufumbi."

Baba akakaa chini. Hakulia, baba yangu halii mbele ya watu. Lakini usiku ule ndio alituambia kwa mara ya kwanza kwamba mwaka 2017 mama alikuwa kwenye orodha ya awali ya kwenda Kongo, akaondolewa kwa sababu ya mimba ya huyu dogo. Miaka saba amebeba neno hilo peke yake. Kesho yake alilala kitandani. Dogo naye kitanda kikaanza kukauka, taratibu, siku hadi siku. Tarehe 27 Novemba vita vikasimama kule kwa makubaliano, nasi tukachora khanga ya rangi ya chungwa.

Kwa hiyo nasema hivi: mchoro hautoshi ukibaki ukutani. Mtu mwingine lazima auangalie na kuuliza "hii ni nini?" Kazi yote imo kwenye swali lile. Ndiyo maana nawaambia ndugu zangu mnaochora peke yenu usiku hapa hosteli, nyie pia muonyesheni mtu, hata mmoja.

Mwezi uliopita nilipita Posta, nikasimama kwenye Sanamu ya Askari. Tunaipita kila siku kama tunavyopita nguzo ya umeme. Iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Askari mmoja wa shaba, bunduki mbele, yuko peke yake. Nilikaa pale na daftari nikamchora, halafu pembeni yake nikaongeza mwanamke amekaa chini na bunda la ukili. Kijana mmoja muuza maji akaniuliza, "Huyo mama mbona hayupo?" Nikamwambia ndio maana namchora.

Sidai sanamu mpya, nchi ina mahitaji mengine. Ila sisi tulio chuoni tungeweza jambo dogo. Hapa Mlimani kuna wenzetu wanaosoma sanaa za ufundi, maigizo, muziki. Mitaa yenye familia za askari haiko mbali. Jumamosi moja kwa mwezi, manila, rangi, watoto wakae wachore, na mtu mzima awepo wa kuuliza "hii ni nini?" Haihitaji mfadhili. Nauli na rangi, hata boom linamudu.

Mtaniuliza mama alisemaje aliporudi. Ukweli, tulitegemea machozi ya furaha kama kwenye filamu. Alirudi mwaka 2025, akaziona khanga zote ukutani, akasema "asanteni wanangu," akaenda kulala. Wiki tatu hakuzigusa. Siku moja nikamkuta anacheka mbele ya ile ya sufuria. Kisha akaibandua ya Oktoba, ile nyeusi, akaikunja, akanipa. "Hii katunze wewe. Mimi siku ile nilikuwa pale."

Iliniuma kidogo. Baadaye nikaelewa. Ile haikuwa yake. Ilikuwa yetu sisi tuliobaki, na yeye ana ya kwake ambayo labda siku moja atayatolea maneno au nyuzi au chochote. Ameanza kushona vitambaa vya makochi, hajawahi kushona maishani. Hatumuulizi sana. Tunauliza tu, "Hii ni nini?"

Agosti 2025 Baraza la Usalama lilipitisha kwamba kazi ya UNIFIL ifike mwisho tarehe 31 Desemba 2026. Lakini askari wetu hawajawahi kwenda Lebanoni tu, na dada wa chumba cha pili bado hajarudisha pasi. Jana nilipita kuichukua. Nilimkuta amekaa sakafuni na kalamu ya bluu, amechora kitu kama buti, kama mtumbwi, sijui. Nikamuuliza swali lile.

Akasema, "Kaa, nikuambie."

Pasi nitaifuata kesho. Naomba kuwasilisha.